Maji Yasiyo na Chumvi

Mke wa kinyozi alipanda ngazi bila kushika ukuta. Mzee Betri, aliyekuwa akiteremka kwenda karakanani, alijibanza pembeni kumpisha.

"Umeamkaje, shemeji?" alisema mwanamke, kapu la mboga mkononi, wala hakuhema. Akapita kama moshi unaotafuta dirisha.

Salamu ile ilimkaa mzee kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka jana tu mwanamke huyo na marehemu mkewe walikuwa wakizipanda ngazi hizo pamoja, kila kituo wakikaa chini, wakiucheka unene wao. "Wanawake wawili, magoti manne," marehemu alizoea kusema, "na zima hata moja hakuna." Sasa mmoja alikuwa mwepesi, na mwingine yuko ardhini. Mzee Betri alimwonea wivu kinyozi hata kwa kelele za sufuria zilizopenya ukutani jioni.

Daktari mmoja ndiye aliyewaambia wote wawili wapungue kwanza ndipo magoti yatibiwe. Kulikuwa na sindano za kusaidia, akasema, dawa za jamii ya peptidi, za kupunguza hamu ya kula. Lakini zilitolewa kwa orodha, na orodha ilikuwa ya miezi minane. Jina la mke wa kinyozi lilitangulia. Akapewa sanduku lililofungwa, lenye namba ya usajili na tarehe ya mwisho, ndani yake kalamu ya sindano na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara kumi. Nesi alimfundisha kujichoma, na kila mwezi alimpandisha kwenye mizani.

Marehemu aliambiwa asubiri. Walioipanga orodha ile, Mzee Betri alipenda kusema, hawajapanda ngazi tangu wazaliwe. Wao wana lifti. Ndipo akatokea Kifua, mnyanyua vyuma aliyeuza vichupa kutoka kwenye begi la mazoezi. "Dawa ni ile ile, mzee wangu. Hospitalini unalipia sanduku." Kichupa kilikuwa na maandishi ya kigeni. Kifua alipoulizwa, alisema hayo ni mambo ya forodha tu. Mzee, ambaye shule aliiacha kabla shule haijamzoea, aliridhika.

Mchana ule kinyozi aliingia karakanani, koti lake la kazi limejaa nywele za watu.

"Mzee mwenzangu, nina shida. Dawa ya shemeji yako imekwisha. Wiki ya tatu hii nakwenda duka la dawa, wananiambia shehena imekwama. Njaa imeanza kumrudia, na goti lile linanung'unika. Nikakumbuka marehemu alikuwa akipata kwa Kifua. Namba yake unayo?"

Namba alikuwa nayo. Mzee Betri alifuta mikono kwa tambara, polepole, huku kitu kitamu na kichungu kikimpanda kifuani. Hakumwombea mtu mabaya, alijiambia hivyo. Kaombwa namba, anatoa namba. Kwani yeye ndiye serikali? Wenye kazi ya kuwazuia akina Kifua wamekaa kwenye viti vinavyozunguka. Na hawa nao waonje kidogo.

Akaifungua simu, akaanza kuisoma, tarakimu moja moja. Kinyozi akaandika.

"Na hizi zake zinachomwaje?" kinyozi aliuliza katikati. "Zetu unabonyeza tu, kama kalamu ya shule."

"Zake ni unga. Unachanganya na maji."

"Maji gani?"

 Swali hilo hilo Mzee Betri alimuuliza Kifua, akaambiwa: maji maalumu, yasiyo na chumvi wala taka. Nani aliyajua maji hayo kumshinda? Miaka thelathini alikuwa akiyaongezea betri za magari, maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, maangavu kama kioo. Siku ile alirudi nyumbani na kikombe kizima cha maji hayo, kifua mbele, mtu ambaye hatimaye ufundi wake umemfaa mkewe.

"Mzee? Maji gani?"

"Nilitumia ya hapa," alisema, akaelekeza kidevu kwenye dumu la plastiki kando ya chaja. "Si asidi. Yale safi. Nilichanganya mimi, nikamchoma mimi. Kwanza tumbo likatoa jipu. Halafu homa. Siku ya tisa..." Aliifunga simu. "Kule wodini waliniuliza kachomwa nini. Nikasema hajachomwa kitu."

Kinyozi alilitazama dumu. Vumbi lilikuwa limelala juu ya dumu, na mdomoni mwake inzi alikuwa akitembea.

"Kwa hiyo ni maji?"

"Sijui kama ni maji, au ule unga, au vyote. Kichupa hakina wa kumuuliza. Sanduku lenu lina namba. Dawa ikiharibu, kuna mlango wa kwenda kugonga."

"Na namba ya Kifua ulikuwa unanisomea."

"Nilikuwa nakusomea."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Kwa sababu wako yu hai."

Kinyozi aliinua mkono, na Mzee Betri akadhani atapigwa. Wala hakurudi nyuma. Lakini mkono ulikwenda kwenye simu. Kinyozi alimpigia mkewe, akamwambia kwamba dawa ya Kifua basi, wataungoja mzigo wa duka la dawa, na kesho wataanza kwa nesi. Sauti ya mwanamke ikasikika ikilalamika kwamba atanenepa tena, kisha mumewe amkimbie. "Nikukimbie na mgongo huu?" kinyozi akasema. Wakabishana. Mzee Betri alilisikiliza kila neno kama mwenye njaa anayenusa chungu cha jirani, akitamani hata ugomvi wao.

Kisha kinyozi akageuza mgongo, akanong'ona kwa muda mrefu.  Hatimaye akamnyooshea simu.

"Anakutaka wewe."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akajiandaa kutukanwa.

"Shemeji," sauti ilisema, nayo sasa ilikuwa inahema. "Mwenzangu yule siku zile tisa sikumwona. Ulisema hataki wageni. Alikuwa anasema nini?"

Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hilo. Mzee Betri akavuta betri kuukuu, akaikalia.

"Siku ya kwanza," alisema, "alikuwa anacheka."