Lango Moja la Ngurumia

Ngurumia ni nchi ya vilima vilivyobanana, na kila kilima kina nyumba ya mkubwa, na kila mkubwa ana shingo nene na kifua kipana, maana huko cheo hupimwa kwa umbali ambao sauti ya mtu inafika. Amri isiyosikika mpakani si amri. Ndivyo wakubwa walivyojitungia wenyewe, wakijua hakuna wa kuwazidi kelele. Kileleni kabisa imesimama Kikuza, mashine ya shaba yenye vinywa viwili, kimoja ikulu, kimoja sokoni. Kinywa kimoja kikikizidi kingine, hata kwa mnong'ono, mashine huichukua ile ziada na kuikuza mpaka mabati ya nchi nzima yatetemeke.

Mtukufu Bungurume, mtawala wa nchi, alikuwa amezoea kuzidi yeye. Lakini mwaka alioanza kulitamani Bonde la Sela, eti achimbe ziwa la bata wake, soko lilinung'unika kwa pamoja siku moja tu, na vioo vya ikulu vikamwagika chini vyote. Loo! Wapishi walimkuta Mtukufu mzima chini ya meza.

Akamwita Nasemba, mhandisi wa ikulu, ambaye mama yake alilima mpunga kwenye bonde hilo hilo.

"Sauti ya soko iwekewe kikomo," alisema.

"Inawezekana, Mtukufu. Kuna lango. Sauti ikipita kimo kilichowekwa, lango linafunguka na ziada inarudi kinywani ilikotoka. Ila huwekwa mawili, mgongo kwa mgongo, moja likitazama soko, la pili likitazama ikulu."

"Lango linitazame mimi? Una wazimu?"

"Likiwa moja, mgongo wake ni laini, Mtukufu. Unafunguka kwa kuguswa tu. Sauti yako itakuwa..."

"Moja!" alinguruma, na nchi nzima ikasikia.

Basi Nasemba akaweka moja.

Siku ya kulitangaza ziwa, wakubwa walijaa ikulu na vilemba vyao. Mtukufu akavuta pumzi, akapiga ukelele wa kulitwaa bonde. Sauti iliingia Kikuza, ikagusa mgongo wa lango, ikamrudia mdomoni. Kilichotoka nje kilikuwa mlio wa mbu. Akarudia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mbu tena. Kule sokoni watu waliulizana, "Anasemaje huyo?" na swali lao, ambalo lango lilikuwa limelipunguza likawa la kimo cha mazungumzo ya kawaida, likafika mpakani bila kuvunja hata kikombe.

"Ling'oe!" Mtukufu alimfokea Nasemba, mate yakimruka. "Ling'oe sasa hivi!"

Nasemba alimtazama kwa hofu na furaha pamoja.

"Nitaling'oa, Mtukufu," akasema. "Amri ikishasikika mpakani."

Bondeni mpunga ulikuwa umeiva, na watu wakaanza kushuka na miundu yao bila kusubiri tangazo la mtu.