Kalibu Mbili za Kiwanda Kimoja

...hapana, programu yake imesema tena hapana, ati huyu si mteja, sasa kama si mteja ni nini, jina analo, namba anayo, na Miwani, mwenzake wa meza ya pili, anauliza, "Bado tu, dada?" naye anajibu bado kidogo, huku simu inatetemeka pembeni ya kibodi, Yule Mtoto wa Kule, ndivyo alivyomwandika, jina lake hakuwahi kuliuliza, atakata mwenyewe, si amezoea... turudi kwenye hii JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kuna funksheni, kipande cha programu kinachofanya kazi moja, ambayo ni kiwanda, ukiiita inakutolea kalibu, yaani funksheni nyingine ya kuundia wateja, na yeye kwa haraka zake zisizo na baraka amekiita kiwanda mara mbili, huku kwa ukurasa wa usajili, kule kwa ukurasa wa oda, kwa hiyo kalibu ni mbili, zinafanana kama shilingi kwa ya pili, lakini mteja wa huku akifika kule akaulizwa, wewe ni wa kalibu hii? programu inamkana mchana kweupe, sura ile ile, kiwanda kile kile, baba... baba aliyeoa mke wa pili kule kimya kimya, na mama siku ya mazishi ya baba, "Huyo asikanyage kwangu, si wenu huyo," na binti wa kule amesimama getini na kidevu cha baba, kidevu hiki hiki anachojipapasa sasa, naye, dada mtu, akageuza uso, jamani, aligeuza uso, na leo mama naye hayupo, nyumbani ni sufuria moja na sahani moja, wa kumuuliza umeshindaje hakuna, anaona haya kusema lakini ni upweke, upweke hasa... "Dada, ipokee basi au izime, inatupigia ngoma," Miwani anacheka, na dawa ya kosa anaijua, kiite kiwanda mara moja tu, kalibu iwe moja, wote waitumie, ila baba haitwi tena, kiwanda kilishafungwa, wenye kidevu kile wamebaki wawili, na mama ametangulia na maneno yake, basi nani bado anauliza huyu ni wa kalibu gani, ni yeye, lo, ni yeye peke yake... simu bado inatetemeka, skrini bado inasema hapana, Miwani bado anacheka, naye anajiuliza, mdogo wangu huyu, anaitwa nani.