Povu Lililogoma Kupanda

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema nisije nikasingiziwa ujanja.

Mimi ni mhudumu wa maabara katika sekondari moja hapa Lushoto. Elimu yangu niliipata kijijini Mgwashi nikibeba magunia ya viazi. Mgongo ndio uliofanya mitihani. Tangu Pasaka nilikuwa nikimwomba Mwalimu Efrazia wa baiolojia akubali nimwoe. Kila siku namwomba, siku za mvua mara mbili. Yeye hucheka tu.

Asubuhi hiyo ukungu uliingia dirishani bila hodi, ukakaa mezani kati ya vijibomba sita vya kioo. Mwalimu alikuwa akijaribu somo la kesho. Kila kijibomba kilikuwa na dawa, haidrojeni peroksaidi, kali kuliko ya jirani yake. Kazi yangu ilikuwa kudondosha juisi ya kiazi kibichi, matone matano kila kimoja, tupime povu baada ya dakika moja.

"Mwalimu, tuwekeane dau," nikasema. "Povu likizidi kupanda hadi cha sita, Jumapili unakuja kwetu kumwamkia mama."

"Lisipopanda?"

"Nafunga mdomo. Sikuombi tena."

"Haya, mchokozi. Dondosha."

Povu likaamka. Cha kwanza sentimita moja, cha pili mbili, cha tatu tatu. Jeupe, laini, likachanganyika na ukungu hata nisijue kipi kijibomba, upi mlima. Nikamwona Efrazia akipanda njia ya kwetu, kitenge kipya, mama kasimama mlangoni...

Cha nne: tatu na nusu. Cha tano: tatu na nusu. Cha sita, kikali kuliko vyote: tatu na nusu.

"Limesinzia hili! Niongeze dawa?"

"Ongeza hadi kesho. Dawa inavunjwa na vimeng'enya vya kwenye kiazi, na hivyo vyote vina kazi tayari. Ni kama wanawake wanne wanaopukuchua mahindi. Ukiwaletea kikapu, wanamaliza wanakungoja. Ukiwaletea magunia kumi, mikono si ile ile minane?"

Nikakaa kwenye stuli, nimekwisha. Dau ni dau.

"Basi nimenyamaza," nikasema. "Ila Mwalimu, maombi yote yale, kweli hayakutosha?"

Akanining'inizia kidondoshi kitupu mbele ya pua.

"Dawa ilitosha tangu Pasaka, Clemence. Juisi ndiyo hukuweka: hata mshenga mmoja hajafika kwa baba yangu kule Bungu!"