Nyumba Iliyokatazwa Kutaja Nyanya

Sheria niliitunga mimi, tena siku ileile tuliyomtoa Baba hospitalini. Nilimwita Mama na mdogo wangu jikoni, nikafunga mlango, nikawaambia kwamba kuanzia leo ndani ya nyumba hii hakuna kupika na hakuna kutaja chakula. Si tunda, si mboga, si kiungo. Atakayetaja atanijua mimi ni nani.

Daktari alikuwa ametueleza bila kuzunguka. Uvimbe ulikuwa umeziba koo la Baba na haukuwa wa kukatwa. Walikuwa wamemtoboa tumbo wakapitisha mpira, na kwa mpira huo tungemlisha maziwa na uji uliochujwa mpaka siku zake ziishe. Kwa mdomo lisipite hata tone la mchuzi, kwa sababu lingeteremkia mapafuni. Sauti nayo ilikuwa imekwenda. Kilichobaki ni mnong'ono wa neno mojamoja, na kila neno lilimtoa jasho.

Sasa fikirieni ni nani aliyekuwa amefikwa na hayo. Kwa miaka thelathini na minane Baba alikuwa na kibanda cha mboga na matunda karibu na mlango wa pili wa soko, na soko zima lilimwita Redio, kwa kuwa hakuzimika tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuuza kitu bila kukitaja, na hakutosheka na jina moja. Yale majani ya kunukia ya kutia kwenye mchuzi, aliyeyaita dania aliuziwa dania, wa kotimiri akauziwa kotimiri, wa giligilani akafungiwa giligilani, na kila mmoja akaenda zake akiamini kwamba Baba ni mtu wa kwao. "Jina analolijua mteja ndilo jina lake," alituambia. Kwenye ndimu tu ndipo hakuwa na mzaha. Ukiita ndimu limau, alikukatia vyote viwili hapo hapo, na hukuondoka mpaka umeonja ukakiri.

Biashara hiyo aliileta mpaka nyumbani. Mama akaitwa Iliki, kwa sababu, Baba alisema, punje mbili tu zikiingia sufuriani nyumba nzima inajua. Mdogo wangu alizaliwa na kilo nne na nusu, akaitwa Boga, na hadi leo ana gereji yake ya baiskeli na kipara kinachoanza lakini ni Boga. Mimi ni Pilipili. Sababu sitaieleza, mtaiona wenyewe.

"Na sisi je?" Boga aliniuliza pale jikoni.

"Sisi nini?"

"Mimi nitaitwaje? Au utaniita kile kikubwa cha njano?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilisema sheria ni sheria, tutaitana kwa majina yaliyo kwenye vyeti. Mara ya kwanza nilipomwita Boga kwa jina lake la shule hakugeuka. Nilirudia mara tatu, kisha akaitika kwa sauti ya mtu anayeitwa kituo cha polisi.

Tukaanza maisha hayo. Tulipika kwa jirani yetu, fundi cherehani, na tukala hukohuko kwa zamu, tumesimama, tukimeza harakaharaka kama watu waliodokoa. Kibanda sasa nilikishika mimi, na nikitoka sokoni nilipita kwake kwanza, nikabadili nguo, nikasugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka harufu ya kitunguu iishe. Chumbani kwa Baba kulikuwa na kalenda ya ukutani yenye picha za matunda, mwezi huo ulikuwa wa mananasi. Niliibandua, nikaificha chini ya kabati. Nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote duniani.

Jioni Baba alikuwa akinisubiri. Nikiingia tu aliinua nyusi, na nilielewa kabisa anauliza nini.

"Salama, Baba," nilimjibu. "Wewe pumzika."

Aliinua nyusi tena. Nikamrekebishia mto, nikazungumzia mvua.

Jioni moja alinishika mkono, akauvuta taratibu mpaka puani, akanusa. Haukunuka kitu ila sabuni. Nilidhani anajitesa, nikauchomoa. Alinitazama muda mrefu, halafu akaugeukia ukuta, na tangu siku hiyo hakuinua tena nyusi. Nilikuta mgongo wake kila nilipoingia.

"Mwanangu," Mama aliniambia siku moja tukila kwa fundi cherehani, "mbona kama tumeanza matanga na mwenyewe yu hai?"

"Mama, wewe hapa unatafuna. Yeye hawezi. Unataka tukamtambie?"

Mama aliweka sahani chini na hakula tena siku hiyo. Nami niliyaona hayo, nikajitia hamnazo. Baba alikuwa akikonda, akikataa hata kugeuzwa, na sisi sote tukasema ni ugonjwa.

Wiki ya saba alikuja Mama Viungo. Huyu ndiye aliyekuwa jirani ya kibanda chetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na magunia yake ya bizari na mdalasini yalipakana na matenga yetu. Mimi mwenyewe amenibeba mgongoni. Mama alikuwa amekwenda kuchukua dawa na Boga ndiye aliyemfungulia mlango, kisha akarudi uani kwenye baiskeli yake. Kama alisahau kumweleza sheria au alifanya makusudi, hajaniambia mpaka leo.

Nilirudi mapema siku hiyo. Nikiwa bado kwenye ujia nilisikia sauti ya Mama Viungo ikitiririka bila haraka: "...kisha mchicha mafungu manane, majani ya kunde, karoti zile fupi, matango, hapo kando yake bamia..." Na chini ya sauti hiyo nilisikia nyingine nisiyoijua, kama mpira wa baiskeli unaotoka upepo. Nilipoingia nikamkuta Baba amemkamata mtandio kwa mkono mmoja, uso wake umelowa machozi mpaka shingoni.

Sikuona kingine. Niliona machozi tu.

"Unamtajia vyakula mtu asiyeweza kumeza mate yake?" nilimpigia kelele. "Umekuja kumwona au umekuja kumchoma?"

"Mwanangu, ngoja kidogo nikwambie..."

"Sina cha kungoja. Mlango ule pale."

Alitoa mtandio wake polepole katika vidole vya Baba, akajifunika, akatoka.  Nilikwenda kumfuta Baba uso.

"Mrudishe," alinong'ona.

Nilimsikia vizuri sana. Sitasema kwamba sikusikia.

"Tulia, Baba," nilimwambia. "Ameshakwenda."

Kesho yake nilijiambia kwamba kuna vitunguu vya kupokea, siwezi kubanduka. Lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Kutoka meza yangu hadi meza ya Mama Viungo ni hatua sita, na siku nzima sikuzipiga. Siku ya tatu nilijikaza nikaenda. Alikuwa akichekecha pilipili manga kwenye ungo.

"Shikamoo."

"Marahaba," aliitikia bila kuinua uso.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea adabu."

"Hilo limepita." Aliendelea kuchekecha. "Unajua aliniuliza nini nilipokaa tu? Aliniuliza kibanda mlikifunga lini."

"Kibanda kipi?"

"Kibanda gani tena? Chenu. Anaamini kimekufa. Alinitolea neno mojamoja mpaka nikaunganisha: unarudi jioni hunuki kitu, husemi kitu. Picha ukutani umeng'oa. Mama yenu hamsikii akitaja hata chumvi, na wewe na mdogo wako mnaitana kama watu wa ofisini. Amejua kwamba ugonjwa wake umeangusha kila kitu na mnamficha. Anasema hapendi kufa akiwaacha hivyo."

Nilishika ukingo wa meza yake.

"Nikamwambia kipo, nimekipita asubuhi hiihii," akaendelea. "Hakuamini. Alidhani nampoza. Akaninong'oneza, taja. Ndipo nikaanza kumtajia ulivyopanga, kuanzia kushoto. Kadiri nilivyokwenda ndivyo alivyokuwa akinielewa, anacheka, analia. Nilikuwa nimefika kwenye bamia."

Nilirudi mezani kwangu, nikachukua kikapu. Kwenye kila fungu nilitoa kimoja, sikuchagua, na mikono yangu haikuwa na akili. Nilimwambia Mama Viungo twende wote. Akakataa.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi meza yako naiona kutoka hapa."

Nilimpita fundi cherehani bila kuingia, nikaingia nyumbani na udongo wa viazi kwenye kucha. Muuguzi alikuwa amekuja asubuhi, akamwambia Mama kwamba sasa ni suala la siku. Baba alikuwa vilevile, mgongo kwetu.

"Baba," nilisema. "Ni Pilipili."

Kugeuka kulimchukua muda. Nilikaa kitandani na kikapu mapajani, nikamfungua kiganja, nikaanzia kwenye bamia. Nikamtajia biringanya. Nikamtajia nyanya chungu, njegere, hoho ya kijani, hoho nyekundu, tangawizi, kitunguu saumu. Kila kimoja nilikiweka mkononi mwake, naye akakipandisha puani, akakishusha, akakiacha kifuani. Nilipompa nyanya aliibonyeza kwa dole gumba.

"Imeiva mno," alinong'ona.

"Nimezipunguza bei tangu asubuhi."

Aliitikia kwa kichwa, kwa ukali kidogo, kama mwenye mali anayepokea taarifa asiyoipenda sana. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

"Kibanda kipo, Baba. Hakijafungwa hata siku moja. Mimi nilidhani nikikutajia vitu usivyoweza kula nitakutesa, nikawakataza wote. Mama hakutaka, Boga hakutaka, ni mimi. Nilikosea."

Alinitazama. Niliyaona macho yake yakipita kwenye kucha zangu, kwenye nguo yangu ya kazini, kwenye uso wangu.

"Kichwa ngumu," alisema, akanipapasa kichwa hichohicho.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Na Iliki yupo." Boga aliporudi kutoka gereji Mama alimwita kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Boga! Boga, njoo huku!" na lile jitu zima likaingia likilia hata kabla halijaambiwa kuna nini.

Tulikaa naye mpaka jua likaanza kushuka. Tulibishana mbele yake kama zamani, Boga akiita ndimu limau makusudi ili Baba akunje uso, na Baba akakunja. Alichoka haraka. Alikuwa akisinzia na kuzinduka, na kila akizinduka alitutafuta kwa macho, mmoja mmoja. Wakati mmoja alinivuta karibu.

"Zambarau?"

Ulikuwa ndio mwanzo wa majira yake, na wakati mwingine huchelewa. Kwa wiki zile nilikuwa nauza kama mashine, sikuwa nimeuliza mtu kitu. Ningeweza kumjibu ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

"Sijaziona bado," nilimwambia. "Kesho nitawauliza wanaoshusha mizigo, nije nikwambie."

"Uje uniambie," alisema. Maneno mawili, na yalimtoa jasho.

Asubuhi nilifika sokoni wakati malori yanafunguliwa maturubai. Niliuliza lori la kwanza, la pili, la tatu, hawakuwa nazo. Ningeweza kurudi na jibu hilo, lakini nilitaka kurudi na jibu jema, nikangoja. Jua likapanda. Mwishoni akaja mama mmoja na ndoo ndogo iliyofunikwa majani, na ndani yake zambarau za kwanza, nyingine bado na wekundu upande mmoja. Nilichota konzi moja, nikafunga kwenye karatasi, nikarudi mbio bila hata kufungua kibanda.

Viatu vilikuwa vingi mlangoni. Fundi cherehani alinyoosha mikono kunizuia, nikampita. Mama alikuwa amemkuta hivyo alipompelekea maziwa ya asubuhi, amelalia ubavu, uso kwenye mlango. Walikuwa wamemlaza chali na kumfunika mpaka kidevuni.

Nilikaa palepale nilipokaa jana.

"Zimefika, Baba," nilimwambia. "Ndoo moja tu. Bado kali."

Boga alinishika bega, akaniambia twende nje, dada, amekwishapumzika. Mama akamtoa mkono.

"Mwache," alisema. "Mwambie na zilizobaki, mwanangu."

Nikamwambia na zilizobaki. Nilimtajia malori yote matatu na yaliyokuwa ndani yake, stafeli, komamanga, mapera, mapapai madogo yaliyopondeka njiani, machungwa ya kijani, viazi vyekundu, maboga, pilipili za kila namna. Sikuruka kitu. Niliendelea mpaka wanaume waliokuja kumwosha waliponiomba niwapishe.