Kaya Iliyohitimu

Tofali la kumi na saba lilitoka zima. Fundi alilipuliza vumbi, akalizungusha mikononi, kisha akalipitisha kwenye tundu la ukuta kwa dada yake aliyesimama nje miguu mitupu.

"Hili nalo limepinda," akasema.

Halikupinda. Hata yale kumi na sita ya kwanza, hakuna lililopinda. Lakini Dada Mashuka alilipokea na kulipanga juu ya mengine taratibu, maana likianguka Mwenye Nyumba angesikia, na akisikia ni balaa. Kazini kwake, kwenye nyumba ya wageni alikofua mashuka, walikuwa wameshamsubiri saa nzima. Angefanyaje? Amwache mdogo wake abomoe chumba peke yake, paa limwangukie?

Huyu Fundi mnayemwona hakuwa mtu wa mzaha. Nusu ya kuta za mtaa ule ni mkono wake. Ugonjwa ulimwingia polepole. Kwanza alirudi kwenye nyumba alizokwisha kumaliza, akiweka pimamaji yake kwenye kuta za watu, wenyewe wakicheka. Baadaye akaanza kusikia sauti. Zilimwambia kuna tofali moja limekaa vibaya, na lisipotolewa nyumba itawaua waliomo. Sasa mtu akiamini hivyo, utamlaumu kwa kubomoa? Yeye alijua anaokoa watu.

"Hodi hapa! Hamjambo?"

"Hatujambo, karibu mwanangu," Dada Mashuka akajibu haraka, tofali mkononi, vumbi hadi kwenye kope.

Mgeni alikuwa msichana mwembamba mwenye kitambulisho shingoni na tableti kifuani. Mtaani baadaye walimwita Binti wa Fomu. Alitazama tofali, akatazama tundu, akaona jicho la Fundi likimtazama kutoka ndani. Alieleza kwamba wanafanya utafiti kuhusu afya ya akili na hali ya familia zinazouguza. Akauliza swali la kwanza tu, la usingizi, na Dada Mashuka akakaa chini kwenye mchanga akalia kama mtoto. Siku ile majibu yalitoka yenyewe. Alama zao za dhiki zilikuwa za juu kuliko za mtaa mzima, na wiki ile ile wakaandikishwa. Kaya iliyoandikishwa ilipata sindano moja kila mwezi kwenye kliniki ya mradi.

Sindano moja tu, jamani! Baada ya sindano ya tatu, Fundi alichanganya saruji akaziba tundu lake mwenyewe. Baada ya ile ya tano, alimjengea Mwenye Nyumba choo kipya. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, alimwambia dada yake atoke akae barazani apunge upepo, yeye atapika.

Mwezi wa tisa Binti wa Fomu alileta ujumbe kwamba Daktari, mkuu wa utafiti, angekuja mwenyewe na mgeni wake kwa mahojiano ya mwisho. Fundi alifagia uwanja, akaazima viti vitatu kwa majirani, akapiga suruali pasi hadi ikatoa mstari. Wageni walipofika, yeye ndiye aliyewapokea. Kisha akaketi kando ya dada yake, mikono juu ya magoti, akisikiliza.

Binti akafungua tableti. "Mama, katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi?"

Kusema kweli, Dada Mashuka hakuwa amelala vizuri hata siku moja. Kila panya akikwaruza, alikaa kitako kusikiliza kama ni tofali. Lakini watu walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, majirani wamejaa uani, na Fundi alikuwa amemgeukia.

"Nalala vizuri, nashukuru."

"Umejisikia kuelemewa na kazi ya kumwuguza mgonjwa?"

Mgonjwa mwenyewe huyo hapo, suruali imenyooka, anangoja jibu. Ungejibu nini wewe?

"Kuelemewa wapi! Huyu ni mdogo wangu."

"Unaogopa kwamba hali yake inaweza kurudi kama zamani?"

"Hata. Mungu ni mwema."

Binti aliinua macho. Aliikumbuka ile siku ya mchanga. "Mama, una uhakika? Unaweza kufikiri kidogo kabla ya—"

Daktari akakohoa. "Usimwongoze anayehojiwa."

Binti akabonyeza. Maswali tisa, sifuri tisa. Dada Mashuka akasaini kwa kidole kwenye kioo, akawasindikiza wageni hadi njiani, akawaambia karibuni tena. Alirudi ndani moyo mweupe kabisa, akiamini amewapokea wageni vizuri.

Ujumbe wa simu uliingia baada ya wiki mbili: *Hongera! Kaya yako imepata nafuu na imehitimu. Asante kwa kushiriki.* Alimsomea mdogo wake. Fundi akacheka hadi akashika mbavu.

"Tumefaulu, dada! Mimi hata shule sikuwahi kufaulu."

Siku ya sindano, kule kliniki, nesi alipitisha kidole kwenye orodha, kikashuka, kikapanda, kikasimama.

"Hamumo."

"Angalia tena, mwanangu."

"Nimeangalia, mama. Mmehitimu."

"Kuhitimu si ndiyo kufanya vizuri?"

"Kuhitimu ni kutoka. Dawa inakwenda kwa kaya zenye uhitaji. Nafasi yenu ameshapewa mtu." Sindano zilikuwa nyuma yake kwenye kabati la kioo, zimepangwa kwa safu. Fundi alizitazama, akamshika dada yake kiwiko, akasema waende, wasimsumbue dada wa watu na kazi yake.

Dirisha la dawa la hospitali ya umma lilijibu kwamba haipo, akanunue nje. Duka la nje lilimtajia Dada Mashuka bei akadhani amechezewa. Basi akajikaza kisabuni, akavaa gauni lake la heshima, akaenda ofisi ya utafiti.

Daktari alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamwonyesha karatasi kubwa ukutani yenye mstari mwekundu unaoshuka.

"Unauona huu? Hawa ni nyinyi. Watu kama wewe, mama, ndio mmetuonyesha kwamba mradi unafanya kazi."

"Nashukuru, Daktari. Lakini majibu yale nilijibu kwa sababu mlikuwa wageni. Na yeye alikuwepo anasikia. Ningesemaje kwamba ni mzigo, na yeye amekaa hapo?"

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Sikudanganya. Niliwastahi."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya kustahi." Akageuza kompyuta. "Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Juu yake pameandikwa nini? Nisomee."

Alisoma polepole, kidole kwenye kioo. "Nathibitisha kwamba majibu yangu ni ya kweli."

"Sasa nisaidie. Kama ni ya kweli, mna nafuu, dawa mnaitakia nini? Kama ni ya uongo, umevunja masharti, na anayevunja masharti haingii tena katika mradi wetu wowote. Nikuandikie lipi?"

"Andika sindano yake imepita siku kumi."

"Hilo nalo si jibu, mama." Wala hakukasirika. Alivuta droo, akatoa karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki pande zote. "Cheti chenu hiki. Hamkuja kukichukua."

Binti wa Fomu alimkimbilia hadi getini, akamshika mkono.

"Mama, nilijua. Siku ile ile nilijua. Nisamehe. Mkataba wangu unakwisha mwezi huu, nikigusa majibu yaliyokwisha kufungwa..."

"Usijali, mwanangu," alisema Dada Mashuka, akampangusa machozi kwa ncha ya khanga. "Hamna neno."

Mnaona? Hata hapo! Yeye ndiye aliyeumizwa, na yeye ndiye anayebembeleza. Alitembea nusu ya njia ndipo akajisikia hasira, akajitukana kwa sauti mpaka watu wakamgeukia.

Wiki ya tano bila dawa, Fundi aliulizia pimamaji yake. Ilikuwa imefichwa chini ya godoro la dada yake. Wiki ya sita aliacha kuulizia, akaanza kupima kwa jicho. Hakugusa ukuta wa nje. Alianza na ule wa kati, wa jirani, asubuhi Dada Mashuka akiwa kazini. Tofali la nne lilitumbukia upande wa pili, likatua kitandani shubiri moja kutoka kichwa cha mtoto mchanga aliyelala.

Dada Mashuka aliitwa mikono ikiwa na povu. Alikuta mdogo wake ameketi katikati ya uwanja, mdomo unavuja damu, na wanaume watatu wamemsimamia. Fundi alikuwa akiwaambia kwa upole kwamba wamtoe mtoto, ukuta bado.

"Mimi sina ubaya naye," alisema Mwenye Nyumba. "Choo ninachotumia kanijengea yeye. Lakini nichagulie, mwanamke mwenzangu. Afungwe mnyororo humu ndani, au mhame leo hii."

Wahamie wapi? Nani angempangisha mtu anayebomoa? Na kumwacha huru hawezi, kwani safari ijayo tofali lingempata mtoto, na mtaa ungemuua kwa mawe.

Aliyekuja kufunga pete ya chuma ukutani alikuwa mwashi mwenzake, mtu mzima mwenye ndevu, aliyefundishwa kazi na Fundi mwenyewe. Alichimba, akachanganya, akapachika. Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka akifuatilia kila mwiko.

"Mchanga umezidi," akasema. "Pete haitakaa."

Mwashi aliinama akijifanya anatafuta kitu kwenye ndoo, mabega yakitikisika. Kisha akaongeza saruji.

Mnyororo ulikuwa wa mbwa, mpya, unanukia mafuta. Dada Mashuka aliuzungushia kitambaa cha shuka kuukuu mahali ulipogusa kifundo cha mguu, lakini Fundi alikifungua kila siku, akisema kinaficha kazi. Tundu la ukuta wa kati halikuzibwa, hapakuwa na saruji iliyobaki. Dada Mashuka alipachika pale kile cheti. Kilikuwa kigumu, na plastiki yake ilizuia upepo vizuri.

Mwezi wa pili wa mnyororo, mchana wa Jumapili, sauti aliyoijua ilibisha.

"Hodi! Habari za hapa, mama?"

Binti wa Fomu. Kitambulisho kilikuwa cha rangi nyingine. Dada Mashuka alimtazama. Neno la kila siku lilikuja lenyewe hadi kwenye ulimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilimeza.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Silali. Vidole vyangu vimechubuka, sabuni inaingia ndani. Kazini wamenipa wiki moja kabla ya kunifukuza. Na jana nilimpiga, mwanangu. Nilimpiga kwa mti wa kuchemshia mashuka kwa sababu aliomba maji mara ya tatu. Naogopa nitamuua. Ndizo habari za hapa."

Tableti ya Binti ilikuwa bado imefungwa kwapani.

"Pole, mama," Binti alisema kwa sauti ndogo. "Lakini ngoja kwanza. Hiyo nilikuwa nakusalimia tu. Maswali hayajaanza."

Aliingia, akakiona cheti kwenye tundu, akageuza macho. Akaketi, akawasha kioo. Ulikuwa utafiti mwingine, wa ofisi nyingine, kuhusu kaya zinazofunga wagonjwa. Kaya za namna hiyo walizitafuta kwa shida, watu huficha. Alisoma swali kwa swali: amefungwa tangu lini, kwa saa ngapi kwa siku, kwa kamba au chuma, anajisaidia wapi.

"Na mimi?" aliuliza Dada Mashuka. "Utaniuliza saa ngapi?"

"Huu hauna sehemu ya anayeuguza, mama."

"Na sindano?"

"Huu ni wa kuhesabu tu." Binti hakuinua uso. "Safari hii wananilipa kwa kaya. Nisamehe. Limebaki swali moja, la urefu wa mnyororo."

Alitoa tepu ya kupimia mkobani, akachuchumaa mbali kadiri mkono wake ulivyofika, akaurusha mwisho wake kwenye pete. Haukufika. Akajaribu tena, utepe ukajikunja sakafuni.

Fundi akanyoosha mkono, akauokota ule mwisho.

"Inalegea hiyo," akasema. "Utapata uongo."

Akaubana kwenye pete kwa kidole gumba, akaunyoosha mnyororo kwa mguu wake mpaka ukakaza, akamwonyesha Binti pa kushika, karibu na kidonda cha kifundoni. Akafumba jicho moja kama alivyozoea kufanya juu ya kuta.

"Sentimita themanini na tano," akasema. "Andika themanini na tano."

Binti akaandika.