Fakhria Bado Anafikiri

Dada yangu Fakhria ukimwuliza kama chai imekolea sukari, ataonja, atatulia, ataonja tena, ndipo akujibu. Mimi Zeyana hujibu kabla swali halijaisha, kisha nikajuta njiani. Tumbo moja, nyumba moja ya Mtendeni, lakini akili zetu hazikufanana hata kidogo.

Siku ya ndoa yake nyumba nzima ilichangamka! Udi unafuka, halua imejaa sinia, wanaume wamebanana barazani. Bwana harusi, Humaidi, ni binamu yetu, na baada ya harusi angemchukua kwenda kuishi Maskati. Baba ndiye aliyeipokea posa. Fakhria alikuwa hajaulizwa. Na kila jioni alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima kule Chemchem, ambako kina mama waliomzidi umri ndio kwanza walikuwa wanaandika majina yao. Alilipenda darasa lile kupita kiasi.

Sheikh akaja mlangoni pa chumba, baba na mashahidi nyuma yake.

"Fakhria binti Nasor, unaridhia baba yako akuozeshe kwa Humaidi?"

Kwetu mwari akinyamaza ameridhia. Haya ndiyo inayomzuia kusema. Fakhria akanyamaza. Sheikh akatabasamu, akageuka kuondoka. Shangazi akapiga kigelegele.

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa anazungusha pindo la shela kidoleni, polepole, kama anavyofanya tangu utotoni akiwa na jambo kichwani.

"Subirini!" nikapayuka. "Hajajibu! Bado anafikiri!"

"Zeyana, umeingiwa na wazimu?" Shangazi akanifinya.

Lakini Sheikh alirudi. "Basi tumngoje," akasema.

Loo, kungoja gani kule! Nilijiuma ulimi nisije nikamjibia.

"Siridhii," Fakhria akasema hatimaye, wala sauti haikutetemeka. "Humaidi sina ubaya naye, Baba. Ila Maskati siendi, na darasa langu siliachi."

Sasa akanyamaza baba. Ndipo nilipokumbuka Fakhria alikorithi ule ukimya wake. Nilitamani kumsemea na yeye pia, nikajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Sheikh," baba akasema, "binti yangu ameulizwa, naye amejibu. Leteni halua, wageni wapate kula."

Shangazi alibaki kaduwaa. Kigelegele cha safari hii nilikipiga mimi, bila kufikiri hata kidogo.