Pembe ya Msaragambo

Pembe ikilia tu, mume wangu Zefania hunyakua koleo na kuteremka mbio kwenye maporomoko ya udongo. Wenzake wote hupanda juu, maana siku hizi pembe inaita msaragambo, kazi ya kijiji, ya kuzibua mfereji uliofukiwa na tope. Yeye huteremka kumfukua mdogo wake, Yona.

Yona tulishampata. Tulimzika kwa ibada, na Zefania mwenyewe alibeba jeneza. Lakini siku mlima ulipoporomoka, ni pembe hiyohiyo iliyotuita tukachimbe, na tangu hapo masikio yake hayajui kama ina kazi nyingine.

Nimechoka. Nimechoka kumvuta mkono arudi, nimechoka kufua tope, na zaidi nimechoka na wanaoniambia nimshukuru Mungu. Nimeshukuru mpaka ulimi umekauka! Alikuja binti mmoja wa ushauri nasaha kutoka Same mjini, mpole kweli, akatufundisha kuvuta pumzi taratibu. Zefania akavuta, akatulia, nikasema afadhali. Kesho yake pembe ikalia, akatoka hata viatu hakuvaa.

Kisha wakaja kuchukua jogoo wangu. Asiyefika msaragambo hutozwa faini, na mwenyekiti wetu, Mzee Tumainieli, hasahau mtu.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, jogoo nimembana kwapani. "Hivi mume wangu ni mvivu?"

"Marahaba. Sijasema mvivu. Ila mferejini hakuonekana."

"Alichimba tangu pembe ilipolia mpaka ninyi mkarudi kula!"

"Anachimba pasipo na kitu, Mama Fortunata."

"Basi acheni kupuliza hiyo pembe."

Alinitazama kama nimemwambia auze mlima. Pembe ilikuwepo tangu enzi za babu zake. Watu wataitwaje?

"Nitawaita mimi, kwa mdomo. Si mnasema nina mdomo?"

Hilo hakulibishia. Jogoo nikabaki naye.

Siku ya msaragambo nilidamka nikapita nyumba hadi nyumba, kupanda na kushuka, mbwa wakinibwekea. Kila mlangoni nilimlaani mtu kimoyomoyo: mwenyekiti, mvua, hata Yona, Mungu anisamehe, kwa kulala chini ya mlima ule usiku wa mvua ile. Nyumba yangu niliiacha ya mwisho kwa sababu niliogopa.

"Baba Fortunata, kuna msaragambo."

Akainuka, mkono tayari kwenye koleo. "Wapi?"

Hakuwahi kuuliza. Pembe haiulizwi.

"Mferejini."

"Na Yona?"

Nilitaka kujibu kwa upole, kama yule binti. Nikashindwa. "Yona tulimzika, Zefania! Ulimbeba wewe!"

Koleo likamtoka mkononi. Akakaa kizingitini akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Sikumwambia avute pumzi. Nilikaa kando yake nikalia na mimi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Huko juu watu walikuwa wameshaanza kazi.

Jua lilipochomoza vizuri akanawa uso, akachukua koleo, tukatoka. Njia panda akasimama, akaangalia chini kwenye maporomoko. Nikaacha kumvuta mkono. Nikangoja.

"Mzee Tumainieli atadai jogoo kwa kuchelewa?" akauliza.

"Athubutu," nikasema.

Akatangulia kupanda.